Maikrodozi ya uyoga na LSD: maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu sonona, wasiwasi na hizi dozi ndogondogo

Mimi ni mfamasia, na siku hizi haipiti wiki bila mtu kunifuata kaunta au kunitumia voisi akiuliza habari za maikrodozi. Wengi ni vijana wa kazi za kompyuta, kuna ndugu zetu walioko Toronto na Amsterdam, na kuna hata mama wa watoto watatu aliyesikia kwenye podkasti kwamba kuna uyoga unaondoa sonona bila kukulewesha. Nimekusanya maswali yanayorudi rudi nikayajibu hapa kwa urefu, maana kwa voisi mambo mengine yanaachwa njiani, na hili ni jambo la akili za watu, siwezi kulijibu juu juu.

Maikrodozi ni nini hasa?

Ni kutumia kipande kidogo sana cha dawa ya saikedeliki, yaani zile zinazobadilisha namna unavyoona, unavyosikia na unavyohisi muda unavyokwenda. Inakuwa ndogo kiasi kwamba hupati stimu ya maana wala huoni maruweruwe, unaenda kazini, unapika, unaongea na watu kama kawaida. Kwa kawaida inatajwa kama sehemu ya kumi au ya ishirini ya dozi kamili. LSD, ambayo ni saikedeliki ya kutengenezwa maabara, kwa mfano dozi kamili ni kama mikrogramu 100 hadi 200, maikrodozi wanasema 5 hadi 20. Mikrogramu ni gramu moja igawe mara milioni, kwa hiyo hapa tunaongelea kitu ambacho hata mizani ya duka la dawa haiwezi kukipima. Kwa uyoga wenye psilosaibini, yaani ile kemikali inayoufanya uwe saikedeliki, wanataja gramu 0.1 hadi 0.3 za uyoga mkavu.

Wanaotumia hawatumii kila siku. Mpango unaotajwa sana ni siku moja unatumia, siku mbili unapumzika, kwa wiki kadhaa. Sababu mojawapo ni kwamba mwili unazoea hizi dawa haraka sana, ukitumia kila siku baada ya siku chache hauitikii tena.

Hii kitu ilianzia wapi?

LSD ilitengenezwa 1938 na mkemia Albert Hofmann kwenye maabara ya Sandoz, Basel, Uswisi. Aliiweka kando, akairudia 1943, ikamwingia mwilini kwa bahati mbaya akahisi mambo ya ajabu, siku tatu baadaye yaani tarehe 19 Aprili akaamua kujijaribu mwenyewe kwa mikrogramu 250 akidhani kaanza na kiasi kidogo kabisa, kumbe ni zaidi ya dozi kamili, akarudi nyumbani kwa baiskeli dunia yote inacheza mbele yake. Naipenda hii habari kwa sababu inaonyesha jambo moja la kifamasia, kwamba kwenye LSD neno kidogo halina maana mpaka upime.

Uyoga ni wa zamani zaidi. Wamazateki wa Oaxaca, Meksiko, wamekuwa wakiutumia kwenye ibada za usiku za kutibu wagonjwa, na dunia ya nje ilimjua mganga wao María Sabina wa Huautla de Jiménez baada ya Mmarekani Gordon Wasson kuingia kwenye ibada yake 1955 na kuiandika gazetini 1957. Wageni wakamiminika kijijini, na yule mama akaja kupata shida kubwa na majirani zake mwenyewe. Ni vizuri tukumbuke kwamba pale uyoga haukuwa kitu cha kumeza asubuhi na chai ukimbilie ofisini. Ilikuwa ni usiku mzima, kuna mgonjwa, kuna mganga, kuna nyimbo na sala.

Hii staili ya dozi ndogo kwa ratiba ilienezwa na mwanasaikolojia wa Marekani James Fadiman, hasa kuanzia 2011, halafu kuanzia kama 2015 vyombo vya habari vikaanza kuandika kuhusu wafanyakazi wa makampuni ya teknolojia kule California wanaoitumia ili wafanye kazi vizuri. Kutoka hapo ndo ikafika kwenye simu zetu.

Inafanyaje kazi kichwani?

Psilosaibini ikiingia mwilini inageuzwa kuwa psilosini. Hiyo psilosini pamoja na LSD zinashika kwenye vipokeo vya serotonini (kemikali ambayo seli za ubongo zinatumia kupelekeana ujumbe), hasa kile kinachoitwa 5-HT2A, ambavyo viko vingi kwenye tabaka la juu la ubongo. Kwa dozi kamili mawasiliano ya sehemu za ubongo yanabadilika sana kwa saa kadhaa. Kwenye panya na kwenye seli za maabara imeonekana pia zinachochea seli za neva kuotesha matawi mapya, na hapo ndipo watu walipopata wazo kwamba kidogo kidogo kwa muda mrefu kinaweza kuujenga ubongo upya. Wazo lenyewe lina mantiki, ila panya hana sonona ya kudaiwa kodi na kuachwa na mchumba, ndo maana inabidi tuangalie kwa binadamu.

Sasa tuambie ukweli, inasaidia au haisaidii?

Hapa ndipo pa kukaa, naomba usiruke.

Ukiwauliza watumiaji wenyewe, wengi wanasema inasaidia. Kuna tafiti kubwa za kuuliza watu, ikiwemo za Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na zinaonyesha wanaotumia maikrodozi wanaripoti sonona na wasiwasi kidogo kuliko wasiotumia. Shida ya tafiti za aina hii ni kwamba anayejibu anajua alichomeza, amekichagua mwenyewe, amekilipia, na anakiamini. Aliyejaribu akaona haina lolote au ikamharibia, ameshaacha na hayupo kwenye orodha ya kuulizwa.

Kwa hiyo inabidi ufanye jaribio ambalo mtu hajui amemeza nini. Na hapo kuna utafiti mmoja nauheshimu sana, ulifanywa na Balázs Szigeti na wenzake wa Imperial College London ukatoka 2021. Hawakuwa na hela za kununua dawa wala vibali vya kuigawa, wakafanya ujanja mzuri: watu ambao tayari walikuwa na maikrodozi zao majumbani waliambiwa wazitie wenyewe kwenye kapsuli zisizoonyesha ndani, nyingine waziache tupu, zote wazifunge kwenye bahasha zenye kodi za QR, halafu mfumo wa kompyuta unawaambia watumie bahasha zipi na nyingine wazitupe. Mtu anakuwa amejifunga macho mwenyewe nyumbani kwake. Watu 191 walimaliza.

Matokeo? Waliokuwa kwenye maikrodozi walipata nafuu, kweli kabisa, mudi ilipanda, wasiwasi ulishuka. Na waliokuwa wanameza kapsuli tupu nao walipata nafuu, kiasi kilekile. Walipoangalia kwa undani wakakuta kinachotabiri nafuu ni kile mtu alichodhani amemeza. Ukidhani ni dawa unajisikia vizuri hata kama ni tupu, na aliyemeza dawa akadhani ni tupu hakupata hiyo nafuu. Kuna mshiriki alikuwa na uhakika kabisa yuko kwenye dawa, baadaye akafungua bahasha zilizobaki akakuta alikuwa anameza plasibo, yaani kapsuli tupu zisizo na dawa, kwa jaribio zima, akabaki ameduwaa.

Chicago nao, kwenye maabara ya mtafiti Harriet de Wit, 2022, watu 56 walipewa LSD mikrogramu 13 au 26 au plasibo, mara nne, kila baada ya siku tatu au nne, wakiwa wanaangaliwa pale pale na bila kuambiwa ni dawa gani. Mudi haikupanda wala uwezo wa kufikiri haukuongezeka kuliko waliopewa plasibo. Buenos Aires walijaribu uyoga kwa watu 34 wanaotumia wenyewe, gramu nusu, ambayo hata ni kubwa kwa maikrodozi, wakakuta hivyo hivyo: watu wanahisi kitu siku hiyo, hasa wakishatambua wamemeza nini, lakini afya ya akili kwa ujumla haikubadilika.

Auckland, New Zealand, walifanya kwa wanaume 80 wenye afya, mikrogramu 10 za LSD au plasibo kila siku ya tatu kwa wiki sita. Siku ya kumeza dawa walijisikia na nguvu zaidi, wabunifu zaidi, furaha imeongezeka kidogo. Wiki sita zilipoisha hakukuwa na badiliko la kudumu. Usingizi ndo ulileta kitu cha kuvutia, usiku uliofuata baada ya siku ya dozi walilala kama dakika 24 zaidi. Hicho ni kitu halisi na mimi nakihesabu, maana usingizi na sonona ni ndugu, ila kutoka hapo mpaka kusema ni tiba ya sonona kuna safari ndefu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: dozi ndogo inagusa mwili kweli, haiko sawa na maji, ila ile nafuu kubwa ya akili ambayo watu wanaisimulia, kila ilipopimwa kwa kufumba macho, plasibo imeikaribia au imeifikia kabisa.

Lakini binamu yangu amebadilika kabisa, unataka kusema anadanganya?

Hapana, hadanganyi. Nafuu ya plasibo ni nafuu, machozi yanakauka kweli na mtu anaamka asubuhi kweli. Pia angalia nini kingine kilibadilika. Mtu akianza maikrodozi mara nyingi anaanza na daftari la kuandika hisia zake, anapunguza pombe, anatembea asubuhi, anajiuliza kila jioni leo nilikuwaje. Hivyo vyote vina nguvu. Na sonona kwa kawaida inapanda na kushuka, mtu anatafuta dawa akiwa chini kabisa, kwa hiyo hata asipofanya kitu wengine wangepanda kidogo.

Mshukuru Mungu binamu yako ana nafuu. Usichukue tu nafuu yake ukaifanya cheti cha dawa.

Mbona nasikia uyoga umethibitishwa kutibu sonona?

Hapa watu wanachanganya vitu viwili na hili ndo kosa kubwa kuliko yote kwenye mada hii. Tafiti zinazotangazwa sana ni za dozi kamili, mara moja au mbili, mtu amelala kwenye chumba kilichoandaliwa, wataalamu wawili wako naye saa sita nzima, kabla ya hapo amepewa vikao vya maandalizi na baadaye vikao vya kuzungumzia alichokiona. Hiyo haifanani na kapsuli ya asubuhi.

Utafiti mmoja mkubwa wa hivyo ulitoka Novemba 2022, watu 233 wenye sonona iliyokataa dawa za kawaida, wakagawanywa kwenye psilosaibini miligramu 25, 10, au 1. Waliopata 25 walipungua sonona zaidi kwa wiki ya tatu kuliko waliopata 1. Sasa tazama hapo vizuri. Hiyo miligramu 1 ndo iko kwenye saizi ya maikrodozi, na watafiti waliiweka kama kipimo cha kulinganishia kwa sababu hawakuitegemea ifanye kazi. Yaani utafiti uleule mtu anaotumia kutetea maikrodozi, maikrodozi ndo iliyoshindwa. Na kwenye utafiti huo kulikuwa na wagonjwa waliopata mawazo ya kujiua, wakiwemo wa kundi la dozi kubwa, kwa hiyo hata dozi kamili ni kazi ya wataalamu.

Je kazi? Umakini, kuandika programu za kompyuta, ubunifu?

Kila walipopima kwa mitihani halisi badala ya kuuliza mtu unajionaje, hawakukuta kitu cha kujivunia. Mtu anajihisi mbunifu siku hiyo. Ukitaka umakini anza na usingizi, na zima simu.

Madhara yake ni yapi?

Kwa muda mfupi kwenye tafiti hizo watu wengi walivumilia vizuri, nisiwatishe bure. Wengine wanapata kichwa kuuma, kichefuchefu, presha kupanda kidogo, joto na baridi kubadilishana, na siku nyingine unazidisha bila kujua unajikuta umelewa kidogo katikati ya mkutano au kwenye usukani wa bodaboda.

Linalonisumbua zaidi ni wasiwasi. Watu wanameza ili wasiwasi upungue, lakini kule Auckland kuna washiriki wanne wa kundi la LSD waliotolewa kwenye jaribio kwa sababu dawa iliwaongezea wasiwasi, na hao walikuwa watu wazima wa afya waliochunguzwa kabla ya kuanza. Mtu ambaye tayari moyo unamdunda usiku na ananunua kitu asichokijua atakuwaje?

Halafu kuna moyo wenyewe. Hizi dawa zinashika pia kwenye kipokeo kingine cha serotonini, 5-HT2B, ambacho kiko kwenye vali za moyo. Kulikuwa na dawa ya kupunguza unene, fenfluramini, iliondolewa sokoni Marekani 1997 baada ya watu kuharibika vali za moyo kwa sababu ya kipokeo hicho hicho. Haimaanishi maikrodozi inaharibu moyo, hilo halijaonyeshwa kwa binadamu, ila fenfluramini iliwaharibu watu kwa kumezwa mara kwa mara kwa miezi, na maikrodozi nayo mpango wake ni kumezwa mara kwa mara kwa miezi, wakati tafiti zake ni za wiki chache tu.

Natumia dawa za sonona tayari, naweza kuchanganya?

Usichanganye, na usiache dawa zako ili uanze hii. Hii ya pili ndo inayoniumiza roho, kwa sababu nimeona watu wanafanya. Mtu anatumia fluoxetini au sertralini, anasikia kwamba zinazuia uyoga usifanye kazi (ni kweli huwa zinapunguza nguvu yake), basi anazikata ghafla. Baada ya siku au wiki chache kizunguzungu, kichwa kama kinapigwa shoti za umeme, hasira, usingizi hakuna, halafu sonona inarudi kwa kishindo. Yeye anadhani maikrodozi haijakolea akaongeza dozi. Dawa hizo zinapunguzwa taratibu na aliyekuandikia, kwa wiki na hata miezi.

Kuchanganya na lithiamu, ile dawa ya baipola, ni hatari kabisa. Watu wanaotumia lithiamu wakachanganya na LSD au uyoga wamepata degedege, hilo limeripotiwa vya kutosha na sitaki mtu alijaribu. Tramadoli nayo, ile dawa ya maumivu, najua wapo wanaoimeza kama pipi, peke yake tu inaweza kuleta degedege, usiiongezee mzigo. Na kama unatumia amitriptilini ya mgongo au ya kichwa, hiyo nayo ni dawa inayogusa serotonini na mapigo ya moyo, mwambie mfamasia wako ukweli. Sisi hatuiti polisi, tunataka tu kujua nini kiko mwilini mwako.

Nani asiguse kabisa, hata kidogo?

Mwenye baipola au skizofrenia, au aliyewahi kusikia sauti au kuchanganyikiwa hata mara moja. Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye hayo magonjwa. Mjamzito na anayenyonyesha. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia. Na kijana ambaye bado anakua, miaka ya balehe mpaka ishirini na kitu ndo muda magonjwa makubwa ya akili yanapojitokeza kwa mara ya kwanza, na familia nyingi kwetu haziongelei habari za shangazi aliyewahi kupelekwa hospitali ya akili ya Mirembe, kwa hiyo unaweza kuwa na hiyo damu na hujaambiwa. Uliza kwanza nyumbani.

Huku kwetu mvua ikinyesha uyoga ni mwingi, si nichume tu?

Tafadhali usifanye hivyo. Kina mama wa maeneo ya miombo wanaochuma uyoga wa chakula wamefundishwa tangu utotoni na bado kila masika kuna familia zinazopata ajali. Kuna uyoga mdogo wa kahawia unaofanana sana na wa psilosaibini lakini una sumu ya amatoksini inayoua ini. Ubaya wake ni kwamba unatapika na kuhara, halafu unapata nafuu siku moja hivi, unadhani imeisha, kumbe ini linaendelea kufa. Picha ya intaneti haitakuokoa. Na ule mwekundu wenye madoa meupe unaouona kwenye katuni hauna psilosaibini kabisa, una kemikali nyingine zinazolewesha na kuchanganya.

Na zile chokoleti na pipi za maikrodozi zinazouzwa onlaini?

Hizi naziogopa kuliko hata uyoga. Mwaka 2024 Marekani kulikuwa na chokoleti na pipi za chapa ya Diamond Shruumz, pakiti nzuri, rangi nzuri, zinauzwa madukani waziwazi kama za maikrodozi. Watu zaidi ya 100 waliugua, makumi wakalazwa, wengine wakapata degedege na kupoteza fahamu, na walipozipima wakakuta mchanganyiko wa vitu ambavyo havikuandikwa kwenye pakiti. Hiyo ni nchi yenye FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa, na maabara kila kona. Ya kwako iliyokuja na mtu aliyeileta na mtu, nani ameipima?

Karatasi za LSD nazo hivyo hivyo. Kuna kemikali zinaitwa NBOMe zimeuzwa kama LSD na zimeua watu kwa dozi ambayo kwa LSD isingeua. Na hata ikiwa LSD halisi, kukata karatasi vipande kumi hakukupi dozi kumi sawa, dawa haikai imetandazwa sawasawa humo.

Sheria inasemaje?

LSD na psilosaibini ziko kwenye jedwali la kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, lile kali kuliko yote. Tanzania zinaangukia kwenye sheria ya 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, Kenya kwenye sheria ya 1994, na hakuna kipengele kinachosema kikiwa kidogo sana unaachiwa. Kwa ndugu zetu wa Oman, Dubai na Qatar sihitaji kusema mengi, huko hata mabaki kwenye begi ni kifungo cha maana, usikubali kumbebea mtu kitu.

Walioko nje wanachanganya sana hili. Uholanzi walipiga marufuku uyoga Desemba 2008, trafo zake, yaani vinundu vyake vya chini ya ardhi, ndo zinauzwa kihalali, lakini ukiziweka kwenye sanduku ukaja nazo nyumbani ni kosa hukohuko uwanja wa ndege. Kanada maduka yapo wazi Vancouver na Toronto na watu wanadhani ni halali, sio halali. Oregon wana vituo vyenye leseni ambapo unatumia hapohapo chini ya msimamizi. Australia tangu Julai 2023 daktari wa akili aliyepewa kibali anaweza kutumia psilosaibini kwa sonona iliyokataa dawa nyingine, na hiyo ni dozi kamili ndani ya tiba, sio maikrodozi ya kwenda nayo nyumbani.

Si Waafrika tulikuwa nayo zamani? Iboga ya Gabon je?

Ndiyo, na hii ni habari nzuri kuijua. Mizizi ya mmea wa iboga inatumika Gabon kwenye dini ya Bwiti, nyingi wakati wa kumwingiza mtu kwenye dini, kidogo kwa ajili ya kukaa macho, wawindaji walikuwa wanaitafuna wasisinzie porini. Wafaransa waliona hilo wakatengeneza vidonge, wakaviita Lambarène kwa jina la mji wa Gabon, wakaviuza Ufaransa kuanzia 1939 kama dawa ya kuongeza nguvu, dozi ndogo kabisa. Unaona, wazo la dozi ndogo halikuzaliwa California. Lakini ibogaini, kemikali iliyomo kwenye iboga, inavuruga mapigo ya moyo na imeua watu, hata hospitali inayoitumia inabidi imuunge mtu kwenye mashine ya moyo. Usije ukanunua unga wa iboga mtandaoni kwa sababu tu ni wa Afrika.

Na ketamini?

Ketamini ni kitu kingine, tunayo kwenye hospitali zetu, ni dawa ya usingizi ya upasuaji na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Dozi ndogo chini ya daktari inatumika kwa sonona ngumu, na ndugu yake esketamini ilipitishwa Marekani 2019 kama dawa ya kupuliza puani. Ni ya mikononi mwa daktari. Ukiitumia mwenyewe mara kwa mara inaharibu kibofu.

Sawa, kama nina sonona na sina hela, nifanye nini hapa hapa?

Swali hili ndo la maana kuliko yote na nasikitika huwa linaulizwa mwisho.

Kuna vitu vilivyopimwa huku kwetu, kwa watu kama sisi, vikalinganishwa na wasiopata, na vikashinda kwa mbali. Uganda, vijiji vya Masaka na Rakai, watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi vya kuzungumza kila wiki kwa wiki 16, wanaoongoza sio madaktari, ni watu wa kawaida waliofundishwa. Matokeo yalitoka 2003: baada ya hapo waliobaki na sonona kubwa ni asilimia 6.5 kwenye vikundi, na asilimia 54.7 kwenye vijiji ambavyo havikupata. Hakuna maikrodozi iliyowahi kukaribia tofauti hiyo. Nairobi walijaribu vikao vitano vya kutatua matatizo kwa wanawake zaidi ya 400, wengi wamepitia ukatili, wahudumu wa afya ya jamii ndo wakawa washauri, na ilifanya kazi. Zimbabwe daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu, wakaipima, matokeo yakatoka 2016 na yalikuwa mazuri, sasa mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Kwa hiyo anza hivi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu useme waziwazi, sijalala wiki mbili, sina hamu ya kitu, nawaza kufa. Usiseme tu kichwa kinauma, maana utapewa panadoli. Dawa kama fluoxetini na amitriptilini ni za bei nafuu ukilinganisha na hela ninazosikia mnatoa kwa kapsuli za mtu asiye na jina, ila zinachukua wiki mbili mpaka nne kuonekana na zinaandikwa na daktari. Ikiwa kubwa kuna Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari Nairobi, Butabika Kampala, na hospitali nyingi za mkoa zina kitengo cha akili hata kama bango lake limefifia. Kwenda huko sio kuwa kichaa.

Mdogo wangu ameshaanza kutumia, nifanyeje?

Usimfokee wala usimtupie vitu vyake chooni, akijificha hutajua tena anameza nini. Kaa naye umuulize alikuwa anatafuta nini, mara nyingi jibu ni usingizi, au wasiwasi, au kazi imemshinda, hapo ndo una pa kuanzia. Muulize anatumia dawa gani nyingine. Mwombe asitumie akiwa peke yake na asiendeshe chombo siku hiyo.

Ukiona halali siku mbili tatu lakini ana nguvu kupita kiasi, anaongea haraka bila kituo, anatumia hela ovyo, anadhani anafuatiliwa au ametumwa na Mungu kwa kazi maalumu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usisubiri ipoe. Degedege, homa kali na misuli kukakamaa, kifua kubana, kutapika na kuhara baada ya kula uyoga hata kama ameshapata nafuu, ni dharura. Nenda na kilichobaki, kapsuli, pakiti, karatasi, uyoga wenyewe kwenye mfuko wa karatasi, na umwambie daktari alikula saa ngapi.